Safu ya Tarehe

Mama Kifungo alikuwa na mwaka wa sita akifanya usafi katika maabara ile, na kwa miaka yote hiyo hakuvunja hata chupa moja. Wanafunzi walivunja. Profesa mwenyewe aliwahi kuangusha mzani mzima. Mama Kifungo, pamoja na mwili wake mkubwa, alipita na ndoo katikati ya meza kama mtu anayepita kwenye chumba alicholala mtoto mchanga.

Chumba cha mwisho cha korido kilikuwa na matangi manne ya plastiki yenye vyura wa majini, wakubwa kama ngumi. Mwanzoni aliwaogopa. Baadaye akawazoea, akawa anawasalimia kila asubuhi na kuwauliza wameamkaje.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alisema siku moja, ameegemea mpini wa ufagio. "Lakini hawa wenu hata kelele hawana. Mabubu! Mnawafuga wa nini?"

Mtafiti aliyekuwa kwenye meza ya dirishani akacheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, aliyezoea kula kiporo hapo hapo mezani huku anasoma. "Tunataka mayai yao, dada. Yai la chura ni seli moja, na ni kubwa, unaiona kwa macho. Ukitaka kujua mlango wa seli unafanya kazi au haufanyi, unauweka kwenye yai la chura, halafu unatazama nini kinaingia."

"Seli nayo ina mlango?"

"Mingi. Mimi nashughulika na mmoja tu."

Mlango wake ulikuwa protini inayokaa kwenye utando wa seli na kuingiza kitu kinachoitwa karnitini. Alikuwa ameufuata mlango huo kwa miaka minne, na siku ile alijitahidi kuueleza kwa maneno mepesi. Mafuta ya mwilini ni kuni, alisema, na kila seli ina majiko yake. Karnitini ni mkokoteni wa kupeleka kuni jikoni. Mtu akiwa ameshiba mwili huchoma sukari, na kuni hazina haraka. Akikaa na njaa saa nyingi, sukari inakwisha, na hapo kuni lazima zifike. Mlango ukiwa mbovu, mkokoteni unabaki nje na kupotelea kwenye mkojo. Majiko yanazimika, na moyo, ambao haupumziki, huwa wa kwanza kuumia.

"Na mwenye mlango mbovu anaonekanaje?"

"Anaonekana mzima. Mtoto amenenepa, anacheka, anacheza. Siku moja anapata homa kidogo, anakataa kula, anatapika mara mbili tatu. Asubuhi wanamwamsha, haamki."

Mama Kifungo aliuacha ufagio ukaanguka. Akavuta kiti cha mwanafunzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa.

"Wangu wawili wamekwenda hivyo," alisema.

Wa kwanza alikuwa na miezi kumi na minne. Wa pili alikuwa na miaka miwili, na alikata roho mapajani mwake kwenye benchi la zahanati, nesi ndiyo kwanza anaandika jina lake kwenye daftari. Kwenye maziko ya huyo wa pili mama mkwe wake alisema mbele za watu, bila kushusha sauti, "Tumbo la huyu linazalia makaburi." Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiye na maneno, alitazama viatu vyake.

Sasa alikuwa na wa tatu, binti wa miaka mitatu. Walimwita Kifungo kwa sababu hakupata usingizi mpaka ashike kifungo cha juu cha blauzi ya mama yake.

"Nimeshanunua blauzi tatu," Mama Kifungo alisema, akishika kifungo cha juu cha ile aliyovaa. "Mdogo wangu, mpime."

Mtafiti akampima. Alichukua damu ya mtoto, ya mama na ya baba, akajaza fomu, akazifanya sampuli namba thelathini na moja, thelathini na mbili na thelathini na tatu. Kifungo alilia kwa sindano moja tu, kisha akataka kuonyeshwa vyura.

Majibu yalitoka tarehe tatu ya mwezi uliofuata. Karnitini katika damu ya Kifungo ilikuwa karibu na sifuri. Jeni ya mlango, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza seli kuujenga, nakala zote mbili, ilikuwa na herufi moja iliyobadilika, mahali pale pale. Mama alikuwa na nakala moja mbovu na moja nzima, baba vivyo hivyo. Mtafiti aliisoma karatasi mara tatu akiwa amesimama, halafu akaenda nayo mbio ofisini kwa Profesa.

Wanafunzi walimwita Profesa kwa jina la Nukta, kwa kuwa hakupokea namba yoyote isiyo na nukta na tarakimu mbili mbele yake. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, ambaye katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumtukana mtu. Aliisoma karatasi polepole.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Nilitaka uone kwanza, Profesa."

"Vizuri." Akainuka, akafunga mlango taratibu. "Badiliko hili halijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Unalijua hilo?"

"Najua. Profesa, dawa yake ni sharubati tu, ni karnitini ya kunywa. Hospitali ni hapo ng'ambo ya barabara. Nimpigie daktari wa watoto sasa hivi, mtoto aanze leo."

"Utamwambia nini? Kwamba herufi moja imebadilika? Herufi hubadilika kila siku na watu wanaishi. Hujaonyesha kwamba hiyo ndiyo iliyoharibu mlango. Mwanafunzi wako angekuletea kazi kama hii, ungeipokea?"

"Damu yake haina karnitini."

"Kipimo kimoja, cha siku moja." Akaketi. "Nisikilize, binti yangu. Yule daktari ana mdomo. Ukimwambia leo, kesho kila rafiki yake anajua, na kuna maabara mbili zinatafuta kitu hiki hiki. Miaka yako minne itakuwa imepita bure. Tena nahitaji damu ya mtoto kabla dawa haijamgusa, na akishaanza dawa haturudi nyuma. Vyura unao. Thibitisha, tuandike, halafu tutampa mama yake jina la ugonjwa na dawa kwa pamoja. Ni wiki tatu. Mtoto ameishi miaka mitatu, atashindwa wiki tatu?"

Hakuna aliyemshika mkono mtafiti. Simu ilikuwa mezani, mlango haukufungwa kwa ufunguo, na kutoka dirishani aliona paa la wodi ya watoto. Alifikiria jina lake likitangulia kwenye makala. Alimfikiria pia mama yake mzazi, aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ni daktari, na shahada yenyewe ya udaktari alikuwa hajaipata bado.

"Wiki tatu," alisema.

Siku ya pili yake Mama Kifungo alikuwa anapiga deki chini ya meza yake. Mtafiti aliinua miguu kumpisha. Karatasi ilikuwa kwenye droo, juu kidogo ya kichwa cha Mama Kifungo.

"Majibu ya mtoto yametoka?"

"Bado, dada."

"Haya. Sikukimbizi."

Aliuliza tena wiki ile, na wiki iliyofuata, na mara ya nne aliuliza kwa mzaha, akisema labda chura wamekula karatasi. Kila mara mtafiti alisema bado. Hiyo mara ya nne alimletea pakiti sita za glukosi na kumwambia asimlaze mtoto na njaa, hata siku moja. Mama Kifungo alizipokea kwa mikono miwili. "Mungu akupe kizazi chema," alisema. Mtafiti alikwenda chooni, akanawa uso, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomtia hofu baadaye alipokumbuka: alikuwa na furaha. Alitia jeni nzima kwenye mayai ya kundi la kwanza, maji matupu kwenye la pili, na jeni ya Kifungo kwenye la tatu. Akasubiri siku tatu mayai yajenge milango. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne alikuwa tayari kuyaloweka kwenye karnitini iliyotiwa alama ya mnururisho, ili mashine imhesabie ni kiasi gani kimeingia.

Mama Kifungo hakuwa ameonekana siku mbili. Profesa alilalamikia vumbi.

Saa mbili na nusu mfagizi mwenzake Mama Kifungo alikuja kumwaga taka. "Mwenzangu yuko hospitali," alisema. "Mtoto anatapika tangu juzi, hali kitu. Wamelazwa hapo ng'ambo."

Mayai yalikuwa yameingia kwenye maji dakika nne zilizopita. Mtafiti alinyanyua simu. Profesa, aliyekuwa amesimama nyuma yake akitazama saa, akaweka kidole kwenye kitufe na kuikata.

"Mtoto anatapika. Watoto wote hutapika."

"Profesa, huyu hawezi. Anahitaji sukari ya mshipani na karnitini. Hawajui. Watampa dawa ya homa."

"Ukipiga sasa, wao ndio watakaoandika ugonjwa na tarehe kwenye faili lao, na sisi hatuna hata mstari. Mayai yako yako kwenye maji. Yatoe kwa dakika zake, yaoshe, tupate namba. Nusu saa. Halafu nitapiga mimi mwenyewe."

Alisema kwa upole, kama anayemsihi mgonjwa amalize kidonge. Mtafiti aliurudisha mkono wa simu mahali pake. Muda ulipotimia akayatoa mayai, akayaosha kwenye maji baridi, moja moja, mayai arobaini na tano, mkono wake ukiwa imara kuliko siku zote. Akayatumbukiza kwenye vichupa vyake, akavipanga kwenye mashine. Mashine ilijiendesha yenyewe. Hakuna aliyemwambia abaki kutazama namba. Alibaki.

Mayai yenye jeni nzima: elfu nne na zaidi. Mayai ya maji matupu: tisini na mbili. Mayai ya Kifungo: tisini na tano, themanini na nane, tisini na moja. Mlango ulikuwa umefungwa kabisa.

"Safi sana," alisema Profesa.

Hapo ndipo mtafiti alipokimbia. Alishuka ngazi, akavuka barabara bila kutazama, akapanda ghorofa ya wodi ya watoto. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama kando ya kitanda, akikunja shuka ndogo; aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Daktari kijana aliyekuwa zamu alikuwa bado na vifaa vya kusikilizia moyo masikioni.

"Tulidhani ni homa ya kawaida," daktari alikuwa akisema. "Tulipopima sukari ilikuwa imeshuka mno, na moyo ulikuwa umevimba. Sikuelewa. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuwaambia mtoto huyu ana tatizo?"

"Hakuna," alisema fundi.

Mtafiti alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alinyamaza.

Mama Kifungo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Alipomwona akamnyooshea mkono. "Mdogo wangu. Umekuja mbio mpaka umepoteza kiatu." Kweli, mguu mmoja ulikuwa peku. "Jengo zima lile, umekuja wewe. Nilimpa ile sukari yako. Aliitapika."

Kwenye maziko mama mkwe alisogea mbele ya waombolezaji. Alihesabu vidole vitatu, akaviinua juu ili wanawake wote wavione, kisha akakitazama kiuno cha mkwewe. Mama Kifungo alikuwa na mimba ya miezi minne, na siku hiyo ndipo wengi walipoijua.

Makala ilikubaliwa baada ya miezi mitatu, jina la mtafiti likiwa la kwanza. Profesa akampa ruhusa ya kumweleza Mama Kifungo kwamba sasa ugonjwa umejulikana. Alimweleza yote isipokuwa lini. Alimwambia kwamba Kifungo ndiye sampuli ya thelathini na moja, kwamba si laana wala mkono wa mtu, kwamba mtoto hurithi nakala moja mbovu kwa mama na moja kwa baba, na mmoja peke yake hawezi kuuleta ugonjwa.

Mama Kifungo aliibeba habari hiyo nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Alisimama sebuleni mbele ya mama mkwe.

"Nusu ni yangu, mama. Nusu ni ya mwanao. Na mwanao hakuiokota jalalani, aliitoa kwako au kwa marehemu."

Kwa mara ya kwanza tangu Mama Kifungo aolewe, bibi yule aliinuka akampisha kiti. Kwa hiyo Profesa alipomwomba azungumze kidogo kwenye hafla ya kuutangaza ugunduzi, Mama Kifungo alikubali siku hiyo hiyo. Aliazima gauni lenye nafasi ya tumbo la miezi saba. Alitaka kushukuru.

Siku moja kabla ya hafla Profesa alipitia picha ambazo mtafiti angezionyesha ukutani. Alisimama kwenye jedwali la mwisho. "Safu hii ya tarehe haina kazi. Itoe."

"Nitaitoa," mtafiti alijibu. Usiku ule akalala bila kuitoa. Ukimuuliza kwa nini, hata leo atakupa sababu mbili tofauti.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo wakuu wa chuo, waandishi wa habari, na yule daktari kijana wa zamu. Profesa alizungumza kwa ufasaha, akauita ugunduzi ule tumaini kwa mama wote. Mtafiti akaonyesha mayai, akaonyesha namba. Kisha Mama Kifungo akaitwa, na jedwali la mwisho likabaki ukutani nyuma yake.

"Mimi sina elimu yenu," alisema kwenye kipaza sauti. "Nawashukuru tu. Waliniita mwenye mkosi, ninyi mkanitoa mkosi. Huyu mdogo wangu hapa alinipa sukari kwa mkono wake wakati hakuna aliyejali. Na Profesa..." Aligeuka kumwonyesha Profesa, na macho yakakutana na ukuta.

Alisoma taratibu, midomo ikichezacheza. Watu walidhani ni majonzi, wakatulia kwa heshima.

"Hii thelathini na moja ni mwanangu," alisema. "Hapa pameandikwa alikufa tarehe ishirini na nne. Ni kweli. Na hapa pameandikwa jeni imejulikana tarehe tatu." Akageuka. "Tarehe tatu ya mwezi ule ule. Mmekosea kuandika?"

Profesa alikuwa ameshasimama. "Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. Tarehe ya awali haina maana ya..."

"Sijakuuliza wewe, baba. Mdogo wangu, tarehe imekosewa?"

Mtafiti alikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Haijakosewa, dada."

"Ulijua tarehe tatu."

"Nilijua."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara nne."

"Na dawa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Sharubati."

Mtu mmoja wa mbele akakohoa. Mama Kifungo hakulia wala hakupiga kelele. Aliwatazama watu, akawaambia kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia, "Nilikuwa napiga deki chini ya meza yake." Akashuka jukwaani akishikilia kiuno, akatoka. Daktari kijana akasimama naye, akamfuata, na mlangoni alimgeukia mtafiti kwa macho ambayo mtafiti hakuweza kuyavumilia.

Chuo kiliunda kamati ya watu watatu. Kamati ilikaa siku tisa, ikaona kwamba majibu yalikuwa hayajathibitishwa kabla ya tarehe ishirini na nne, na hakuna kanuni inayomlazimu mtafiti kutoa majibu yasiyothibitishwa. Ikaona pia kwamba mtafiti alionyesha hadharani taarifa za siri za mgonjwa. Mkataba wake ukavunjwa. Profesa Nukta aliwekwa kuwa mkuu wa kitivo mwaka uliofuata. Mama Kifungo alihamishiwa jengo la utawala, akafika asubuhi moja, akaiacha ndoo katikati ya korido, hakurudi.

Mtafiti alikwenda nyumbani kwao, vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea. Mama Kifungo alikuwa anapanga nguo za mtoto kwenye ndoo mpya. Hakumkaribisha kiti.

"Umekuja kuomba msamaha."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada. Ile safu uliiacha makusudi?"

"Ndiyo."

"Uliona vizuri nijue mbele ya watu. Ungekuja hapa jioni moja ukaniambia, tungelia wawili. Lakini hapana, ulitaka mashahidi. Ulitaka waone jinsi unavyoumia." Alikunja kitambaa, akakipigapiga kikalala. "Mwanangu alipokuwa hai ulimnyamazia. Alipokufa ukamfanya kioo cha kujitazamia."

Mtafiti aliinama, akaokota soksi ndogo iliyodondoka, akaiweka ukingoni mwa ndoo.

Fundi alitokea mlangoni, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. "Mwache aende."

"Aende wapi? Huyu ndiye anayejua." Mama Kifungo akajigusa tumbo. "Na huyu je?"

"Uwezekano ni mmoja kati ya wanne," mtafiti alisema.

"Mmoja kati ya wanne! Wamekwenda watatu kati ya watatu. Hesabu yenu hiyo mlifundishwa na nani?"

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mzito, mwenye kelele. Yule daktari kijana ndiye aliyempima, na alipiga simu siku ile ile majibu yalipotoka. Mtoto alikuwa na ugonjwa ule ule. Daktari akaagiza sharubati na kuandika kipimo: mara tatu kwa siku, kila siku, maisha yote.

Mama Kifungo akamtumia mtafiti ujumbe, aje. Alipofika alimkabidhi bomba dogo la plastiki lisilo na sindano.

"Ya mchana na ya jioni nitampa mimi," alisema. "Ya asubuhi utampa wewe. Kila siku, kabla hujaenda unakokwenda. Utaivuta, utaipima, utamtia mdomoni, mimi nikiwa nimesimama hapa. Siku usipokuja hatapata, na utajua kwamba hakupata."

"Huwezi kumnyima mwanao dawa," mtafiti alinong'ona.

"Wewe uliweza."

Basi akawa anakuja. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha kemia kwenye shule ya sekondari upande wa pili wa mji, kwa hiyo aliamka kabla ya jogoo. Alikuja mvua ikinyesha, alikuja akiwa na homa, alikuja siku ya pili baada ya kumzika mama yake mzazi. Mama Kifungo hakuitikia salamu yake hata mara moja. Mama mkwe, ambaye sasa alimheshimu mkwewe kwa namna ya kumwogopa, alikaa sebuleni akisubiri burudani yake. "Mchawi wetu amefika," alikuwa akisema kwa uchangamfu. "Leo kachelewa, ungo umepata pancha?"

Mtoto alinenepa. Alipata homa mara tano, mara mbili akalazwa, na kila mara daktari alimwekea sukari ya mshipani kabla ya kuuliza swali lolote. Alikaa, akatambaa, akasimama. Akiwa na miezi kumi na sita, asubuhi moja alimwona mtafiti akiingia na bomba, akanyoosha mikono yote miwili na kusema wazi kabisa, "Mama."

Bibi akaacha kucheka. Mtafiti alibaki ameinama, bomba hewani.

"Mwambie wewe ni nani," alisema Mama Kifungo.

"Tafadhali."

"Mwambie. Kama ulivyowaambia wale ukumbini. Hatusogei hapa mpaka umwambie."

Sharubati ilikuwa inadondoka kwenye vidole vyake. Mtoto alivishika, akavilamba.

"Mimi," mtafiti alisema, "ndiye niliyejua dada yako ni mgonjwa, nikanyamaza."

Mtoto akacheka, akataka tena.

"Utamwambia kila asubuhi," alisema Mama Kifungo. "Kwanza maneno, halafu dawa. Mpaka siku atakapoelewa."

"Na siku hiyo?"

"Siku hiyo ataamua mwenyewe kama atapokea kitu mkononi mwako."

Mtoto huyo sasa ana miaka minne na miezi miwili. Ndiye anayemfungulia mtafiti mlango, maana anautambua mwendo wake kokotoni. Hupanda juu ya stuli, hufumba macho, hungoja. Mtafiti huanza, "Mimi ndiye niliyejua dada yako ni mgonjwa," na mtoto, aliyeishika sentensi ile kama wimbo wa chekechea, humalizia naye kwa furaha, kwa sauti ya juu, akipiga makofi kwenye kila silabi: "Ni-ka-nya-ma-za!" Kisha hufungua kinywa.

Mama Kifungo husimama pale pale, mikono kifuani, mpaka bomba liishe. Halafu hufungua mlango, na mtafiti hutoka kwenda kufundisha.